Basili Bura, Aliyemngoja Idrisa Acheke

Ndugu waombolezaji, kila mmoja wenu amefika hapa na kichekesho chake cha Basili mfukoni. Kikalieni kwanza. Upo msiba mmoja ambao Basili alishindwa kuumaliza, ukamtafuna karibu miaka miwili, na mjini Katesh yamesemwa mengi juu yake, mengine ya kweli na mengine ya kijiweni. Dada yake mkubwa, Marieta, ambaye ndiye pekee aliyebaki mwenye kukumbuka tangu mwanzo, ameona heri uelezwe ulivyokuwa, kabla udongo haujarudishwa.

Marehemu Basili Bura alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Juni 1957, juu ya Dongobesh, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa mwisho wa Mzee Bura na Mama Letisia. Padri alipoangalia kalenda yake akakuta siku hiyo ni ya Mtakatifu Basili, jina likapatikana bila kikao. Mama Letisia alikuwa mwanamke wa amri. Akiita kutoka zizini, hata ng'ombe wa jirani waliinuka. Basili alimtazama sana mama yake, anavyoshika kiuno, anavyoguna kabla ya kusema, anavyolimalizia jina la mtu kwa juu kana kwamba anamuuliza kwa nini alizaliwa.

Alisoma Shule ya Msingi Dongobesh kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Hesabu zilimshinda, imla ilimshinda, lakini hakuna mwalimu aliyemshinda kwa kutembea kama mwalimu. Hata hivyo shule yake ya kweli ilikuwa nyumbani, mwezi Machi 1969, Mama Letisia alipofariki kwa homa. Mzee Bura aliacha kula. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, blanketi limemfunika mpaka masikioni, na mtu akimwambia pole anatazama ng'ombe. Siku ya kuondoa matanga ikafika, wazee wamekaa, pombe imepikwa, hakuna aliyethubutu kuigusa, maana mwenye nyumba hajatoa neno.

Ndipo Basili, hajatimiza hata miaka kumi na miwili, alipotokea nyuma ya nyumba amejifunga kitenge cha marehemu. Akashika kiuno. Akaguna.

"Bura! Jua limefika hapa ng'ombe hawajakamuliwa, unamngoja nani? Malaika? Malaika hawajui kukamua!"

Mzee mmoja alishika fimbo yake. Marieta, msichana wa miaka kumi na minane, alikuwa jikoni, akatoka na ukuni mkononi, na kwa kweli nia yake ilikuwa kumvunja mtoto yule mguu. Mzee Bura aliinua kichwa taratibu. Akamtazama mwanawe kuanzia miguuni mpaka juu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika chini ya blanketi. Watu walidhani analia. Alikuwa anacheka, na akicheka anajibu, "Nakuja, mama Marieta, nakuja, usipige kelele." Akaenda kukamua. Jioni hiyo akala.

Ukuni ukamdondoka Marieta mkononi. Hadi siku hiyo alidhani kicheko ni kitu cha watu wasio na kazi.

Kuanzia hapo Basili alishika kanuni moja na hakuiacha. Alisema msiba hauishi mpaka mfiwa mkuu acheke, na mtu mwingine yeyote asicheke kabla yake, kwa sababu huko ni kumwibia. Marieta mwenyewe alipofiwa na mume wake, Yohanes, mwaka 1994, kanuni hiyo ilimkuta. Yohanes alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kufika misani kabla ya injili. Jeneza lilipoteremshwa, padri akiwa bado anavaa stola shingoni, Basili alimsogelea dada yake akamnong'oneza, "Dada, mwone shemeji. Leo ndiyo mara ya kwanza amemtangulia padri." Marieta alicheka kwa sauti, mjane, mbele ya mama mkwe. Mama mkwe akageuka na macho makali. "Amesema nini huyo?" Akaambiwa. Naye akakaa chini, akacheka hadi akashikiliwa.

Kazi ya Basili ilikuwa kilimo cha mahindi na vitunguu saumu, na ng'ombe wachache. Hiyo ya kuchekesha ilianzia mnadani Dongobesh mwaka 1979. Kijana mmoja Mrangi, Idrisa Tawakali, alikuwa na meza ya baba yake, anauza chumvi ya kupima kwa kopo na makoti ya mitumba. Basili akapenya katikati ya wateja.

"Wewe kijana! Chumvi niliyonunua kwako mwezi jana, nimefika nyumbani nakuta nimelipia na kidole gumba chako kilichokuwa ndani ya kopo. Nimekuja nacho. Nibadilishie!"

Watu wakageuka. Mfanyabiashara mwingine angechukua rungu. Idrisa alimtazama, akachukua koti moja akamvisha kwa nguvu.

"Mmbulu, chukua hili uende. Ninyi mkinunua koti mnauliza kama litamtosha na ng'ombe mnayelala naye."

"Koti lenyewe lina mfuko mmoja!"

"Unatosha. Wa kuwekea aibu."

Mnada ulisimama siku hiyo. Wambulu na Warangi hawakuwa na utani uliorithiwa kwa mababu, angalau Marieta hajausikia. Hawa wawili walijitungia wa kwao, na watu wakawaita Koti na Kidole. Walialikwa kwenye harusi na komunyo kuanzia Mbulu mjini mpaka Katesh, na zaidi ya yote kwenye misiba. Huko walifanya kama watani wafanyavyo: mtani haingii kwa pole. Anaingia kwa matusi, hasalimii, haulizi, anamwendea mfiwa moja kwa moja. Wakubwa kwa wadogo waliwajua hivyo, na miaka ya karibuni vijana waliwarekodi kwa simu, mpaka watu wa Arusha wakawa wanawapigia.

Tarehe 22 Septemba 1984 Basili alifunga ndoa takatifu na Judica, parokiani Mbulu. Judica hakukubali upesi. Basili alimfanyia vituko vyake vyote, yeye akaendelea kupepeta maharage. Mwishoni akamwambia, "Umemaliza? Mimi sitaki kuchekeshwa, nataka kuolewa. Lete watu." Mshenga alikuwa Idrisa, na aliwaambia wazee wa Judica kwamba ng'ombe wa mahari wana akili kuliko bwana harusi, kwa hiyo wasije wakawachanganya. Mungu aliwajalia watoto watatu, Evarist, Konsolata na Getruda. Mwaka 1991 familia ilihamia Katesh, mtaa wa Jorodom, jirani na Idrisa na mke wake Mwantumu. Binti wa mwisho wa Idrisa, Sikuzani, alikulia nyumba zote mbili. Akiulizwa yeye ni Mrangi au Mmbulu alijibu, "Inategemea nani amepika."

Sasa tufike kwenye lile.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang ulipoporomoka ukaishukia Katesh, Basili na Judica walikuwa Dongobesh kwa Marieta, kwenye ubatizo wa kitukuu. Barabara ilikuwa imefungwa kwa tope na mawe, wakafika Katesh Jumanne. Nyumba yao ilikuwa imesimama. Ya Idrisa haikuwepo, wala duka. Njiani walikuwa wameshaambiwa kwamba Mwantumu amezikwa, na kwamba Idrisa hajafumba jicho wala kufungua mdomo. Amekaa kwenye mkeka uani kwa ndugu yake, kama Mzee Bura kwenye kile kigoda.

Judica alimshika mkono mumewe. "Baba Evarist, leo ingia kama watu wengine. Toa pole, uliza habari."

"Nikiingia na pole atajua yamekwisha. Atajua hata mimi nimeogopa."

Akaingia. Hakusalimia. Hakuuliza. Alivaa lile koti la mnadani, lililoshonwa viraka mara zisizo na idadi. Akasimama mbele ya mkeka.

"Idrisa! Maisha yako yote unatuuzia chumvi yenye mchanga. Leo mlima wenyewe umekuletea mchanga bila nauli, bado umenuna?"

Basili alingoja mabega yatikisike. Idrisa aliinua macho.

"Basili. Sikuzani bado yuko chini."

"Sikuzani yuko chuoni Singida."

"Alikuja Jumamosi jioni. Alitaka kumshtua mama yake."

Marieta hakuwepo pale, lakini Judica alikuwepo, na Judica haongezi chumvi. Anasema mzee mmoja wa msikitini kwao alisema kwa upole, "Mzee Basili, ungeuliza mlangoni ungeambiwa." Ndilo neno lililomchoma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa kweli. Mtu yeyote mwenye pole ya kawaida angeambiwa. Mtani peke yake ndiye asiyeuliza.

Alitoka hapo akachukua sepetu, akaungana na askari na vijana waliokuwa wanachimba. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Siku ya Alhamisi, kando ya ukuta wa jirani, yeye mwenyewe ndiye aliyeufikia mkono wa Sikuzani. Alimfuta uso kwa kiganja, akavua koti, akamfunika, wakambeba hadi kwa baba yake. Idrisa alipokea mwili wa mwanawe. Hakusema kitu kwa Basili, na Basili hakusema kitu.

Baada ya muda dereva wa bodaboda alileta kifurushi. Lilikuwa koti, limefuliwa, limepigwa pasi. Hapakuwa na ujumbe.

Basili alilitundika ukutani, na kazi ya kuchekesha ikaishia hapo. Walikuja watu wa harusi, walikuja watu wa redio, alikuja hata mkuu wa shule. Aliwajibu wote jibu moja, "Nina msiba sijaumaliza." Akikutana na Idrisa sokoni, mmoja alivuka barabara, na aliyevuka mara nyingi ni Basili. Wapo waliosema Idrisa amemlaani. Uongo. Wapo waliosema Basili aliomba radhi akakataliwa. Uongo pia. Basili hakuomba radhi kwa maneno kwa sababu, kama alivyomwambia dada yake, "Dada, maneno ndiyo yaliyoharibu. Sasa nipeleke mengine? Mimi nikimwendea tena yule, lazima acheke. La sivyo nitakuwa nimemcheka mwanawe nikaondoka."

Mwezi Novemba 2024 sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi. Februari 2025 alipimwa hospitali ya Haydom, ikaonekana ni saratani ya koo. Mwezi Mei alifanyiwa upasuaji, akatoka na maisha lakini sauti ikabaki huko. Basili Bura, aliyeweza kuwa mama yake, mwalimu wake na padri wake kwa pumzi moja, akawa anaomba maji kwa kidole. Julai hali ikawa mbaya, akalazwa tena. Kila saa ya kuona wagonjwa alitaka aketishwe, avishwe lile koti juu ya nguo za hospitali, na ageuziwe mlango. Judica alijua anamngoja nani. Aliyekuwa anangojwa hakuja.

Marieta alipanda basi akaenda Katesh. Ana miaka sabini na minne na goti moja, lakini alikwenda. Alimkuta Idrisa kwenye duka jipya, dogo, anapanga sabuni.

"Shikamoo, dada Marieta."

"Marahaba. Nipe pa kukaa, sikuja kununua."

Akampa kreti ya soda akalie, akamfungulia na soda moja. Walikaa. Wateja wawili walikuja wakaondoka.

"Anataka nini?" Idrisa aliuliza.

"Hana hata sauti ya kutaka."

"Dada, mimi sina hasira naye. Allah anajua. Yeye ndiye aliyenitolea mwanangu. Lakini nikimwona nasikia lile neno. Na lile koti. Nilitaka kulichoma, nikashindwa. Nikalifua kwa mikono yangu, lilikuwa na nywele za Sikuzani."

"Basi njoo umwambie hivyo hivyo usoni."

"Na akitaka kunichekesha?"

"Atakuchekesha kwa kitu gani, Idrisa? Nimekwambia sauti haipo."

"Yule hakuwahi kuhitaji sauti. Unamjua." Akageukia sabuni zake. "Mimi sijacheka tangu siku ile, dada. Nikicheka nitakuwa nimewaacha kule chini. Usiniombe hilo."

Marieta hakumwomba. Alikunywa soda aliyopewa, akaaga, akarudi Haydom bila jibu. Alimweleza Basili yote, hata ya koti. Basili alisikiliza. Kisha akalivua koti, akamkabidhi Judica, akaonyesha ishara lipelekwe mbali, lisionekane. Ila mlango hakuacha kuutazama.

Jumatatu ya tarehe 11 Agosti, saa ya kuona wagonjwa ikikaribia kwisha, Idrisa alitokea na kofia yake nyeupe, chupa ya uji mkononi. Wodi ilikuwa na watu wanaowajua Koti na Kidole. Wote waligeuka kumtazama. Judica alisimama, hakujua amkaribishe au ampishe. Idrisa alisogea, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hawakushikana mikono. Walitazamana kwa muda ambao Marieta hataki kuukadiria, kwa sababu aliutumia kusali.

"Umekonda," Idrisa alisema.

Basili akaitikia kwa kichwa.

"Dada yangu amepika uji. Utakunywa?"

Akaitikia. Idrisa akamimina kikombe mpaka juu, akakishika kwa mkono wote kama wanavyoshika watu wenye haraka, akamsogezea mdomoni. Basili aliinua mkono akakizuia. Akakivuta karibu. Akachungulia ndani, kwa makini, kama mnunuzi mnadani. Akamtazama Idrisa machoni. Halafu, polepole, akashika kidole gumba cha Idrisa kilichozama ukingoni mwa kikombe, akakitoa kwenye uji, akakipangusa kwa shuka, akakirudisha kwa mwenyewe. Akakaza macho kwenye kikombe. Uji ulikuwa umeshuka. Akanyoosha mkono aongezewe.

Marieta alijiziba mdomo kwa kitenge. Judica aliuma mdomo. Hakuna kati yetu wanafamilia aliyethubutu kucheka, kwa sababu sote tuliijua kanuni.

Idrisa alikitazama kidole chake. Mabega yakaanza. Safari hii nasi hatukujua ni kipi, kulia au kucheka, mpaka alipopasuka. Alicheka hadi kofia ikaanguka, uji ukamwagikia magotini, akawa anapiga ukingo wa kitanda, "Mmbulu huyu! Mmbulu huyu, anakufa bado anapima!" Hapo ndipo wodi nzima ikacheka. Muuguzi alikuja mbio akidhani kuna aliyekata roho. Na katikati ya kicheko hicho Idrisa alimlalia Basili kifuani, akalia kilio ambacho hakuwa amelia, akimtaja Mwantumu, akimtaja Sikuzani, na Basili akampigapiga mgongoni kama mtoto, naye anatikisika, anacheka bila sauti.

Idrisa aliuliza mwenyewe, "Koti liko wapi?" Likaletwa. Alimvisha.

Marehemu alifariki Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Judica alikuwa amemshika mkono. Amevaa koti hilo ndani ya jeneza, kwa ombi la aliyemvisha mnadani.

Marehemu ameacha mjane, Judica, watoto watatu, Evarist, Konsolata na Getruda, wajukuu saba, dada yake Marieta, na mtani wake, Idrisa Tawakali. Familia imempa Idrisa nafasi yake leo hapa kaburini. Ataingia bila pole, kwa hiyo wageni msishtuke, na padri ameshaarifiwa. Lakini safari hii, kabla hajaingia, ameuliza mlangoni. Ameambiwa hakuna anayetafutwa, sote tupo.

Mfiwa mkuu ni Judica, yule aliyekuwa anapepeta maharage. Haitakuwa kazi rahisi. Tafadhali tumngoje.

Basili Bura apumzike kwa amani, na Mwenyezi Mungu ampimie rehema kwa kopo lililojaa, bila kidole ndani.